Udongo Uliowaka Bondeni

Mama mkwe wangu hakuwahi kunilaumu, hata kwa jicho. Angenilaumu ningejitetea, na pengine katika kujitetea ningesema lililokuwa moyoni. Lakini alinyamaza, nami nikanyamaza, na miaka ikaenda.

Mimi kwetu ni kisiwa kidogo cha Juani. Kule ardhi ni mawe, na udongo ni ule uliojificha katikati ya mawe. Mtu akitaka kupanda muhogo hutafuta kwanza mahali jembe litakapozama. Maji ya kisima unayaonja kabla ya kuyasifia. Nimekua nikijua jiwe, mchanga na mvua inayochelewa. Tope sikulijua. Nilisoma kilimo chuoni bara, na Mungu akajalia nikapangiwa kazi nyumbani, kwenye kata moja ya kisiwa kikubwa cha Mafia. Watu wakaanza kuniita bibi shamba nikiwa bado naazima jembe. Mwaka huohuo nikaolewa na fundi wa mashine za boti, mtoto wa pekee wa mama mjane.

Mama huyo alikuwa na konde lake bondeni, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini Kilindoni. Udongo wa pale ulikuwa mweusi, mwepesi, wenye nyuzinyuzi za mizizi ya zamani. Ukikanyaga unabonyea, na mwenzako aliyesimama hatua tatu mbele anatikisika kidogo, kama mmekaa godoro moja. Maji hayakukauka mwaka mzima. Alipanda magimbi, na masika alipanda mpunga, na ukingoni alikata ukindu wa kusukia mikeka. Hakuwa tajiri, lakini mwanawe alisomea ufundi kwa magimbi hayo.

Mimi nilipoliona bonde lile niliona ugonjwa. Chuoni tulifundishwa kwamba maji yakisimama shambani mizizi hukosa hewa ikaoza, na dawa yake ni mtaro. Kwa mahindi na nyanya ni kweli. Kama kuna siku walifundisha habari za udongo wa namna ile, basi siku hiyo mimi nilikuwa na homa. Nikaitisha mkutano wa wenye makonde, nikachora ubaoni mtaro mmoja mrefu kutoka katikati ya bonde hadi kwenye kijito kinachoshuka pwani. Nikawaambia maji yakitoka watapanda tikiti, bamia, bilinganya, watauza Kilindoni kila wiki badala ya kungoja magimbi yakomae.

Watu wakanyamaza. Mzee mmoja akakohoa. Nilikuwa bibi harusi wa miezi mitano, nimevaa ushungi mpya, chaki mkononi, na kimya kile kilikuwa kirefu sana. Ndipo mama mkwe akasimama mwisho wa safu ya wanawake.

"Mwanangu kasema," alisema. "Konde langu lianze."

Mtaro ukachimbwa. Mwaka wa kwanza matikiti yalitoka makubwa hata watu wakaja kuyatazama, nami nikatembea kata nzima kichwa juu. Mwaka wa pili yalikuwa madogo. Mwaka wa tatu udongo ulikuwa umeshuka. Mzizi wa mkindu mmoja uliokuwa chini ya ardhi sasa ulikuwa wazi, unaweza kupitisha mkono chini yake. Jirani mwenye konde la upande wa juu, mwanamume wa makamo aliyeishi kwa kuuza magimbi sokoni, alikuja ofisini akasema majani yanageuka manjano na maji yake yanakimbia. Nikamwandikia dawa ya ukungu.

Kiangazi cha mwaka huo mama mkwe alifyeka nyasi zilizokauka akazitia moto, kama alivyofanya kila mwaka tangu aolewe. Nyasi ziliungua, moto ukalala, akarudi nyumbani. Asubuhi yake moshi ulikuwa unatoka ardhini.

Hakukuwa na ndimi za moto. Moshi mwembamba tu ulipenya hapa na pale, na harufu kama ya makumbi ya nazi yaliyochomwa yakiwa mabichi. Wanaume walileta ndoo. Ukimwaga maji hapa, unazuka pale. Siku ya tatu moto ulifika kwa jirani, na magimbi yake yakaanza kulala chini moja moja, mashina yameiva kutokea mizizini. Uliwaka zaidi ya wiki, mpaka mvua moja isiyo ya msimu ilipoanguka siku mbili mfululizo.

Mama mkwe alijitanda kanga, akaenda kwa jirani kuomba radhi. Jirani alimwambia, "Yameshapita." Lakini tangu siku hiyo hakupita tena kwetu kusalimia, na bondeni watu wakawa wakiwaonya watoto wasichezee kiberiti kama mama fulani. Mama akaliacha konde. Akalima muhogo kwenye mchanga nyuma ya nyumba, na ukindu wa mikeka akawa ananunua kwa wenzake.

Mimi nilijiambia moto ni moto, aliyewasha ni mwingine. Hata hivyo sikumshauri tena mtu yeyote achimbe mtaro, wala sikujiuliza kwa nini.

Mwaka juzi tukaarifiwa kwamba anakuja mtaalamu kutoka bara kuchora ramani ya sehemu zenye udongo mweusi wa bondeni zinazofaa kulimwa zikiwa na maji yake. Mimi nikapangiwa kumsindikiza. Alikuwa mama mwenye umri wa kunizidi kidogo, mpole, buti za mpira hadi magotini, kofia ya kitambaa iliyokwisha rangi. Alibeba karatasi kubwa yenye picha ya kisiwa iliyopigwa kutoka angani, kishikwambi kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni, na fimbo ya chuma yenye ncha ya kuzungusha inayozama ardhini na kupanda na udongo wa chini.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutembea. Tulinyoosha mstari kukata bonde, na kila baada ya hatua hamsini alizungusha fimbo mpaka igote mchanga mweupe wa chini. Mimi niliandika kwenye daftari: udongo mweusi umefika wapi, maji yako wapi, kimeota nini juu yake. Kisha alichukua donge akalibana kiganjani. Maji ya rangi ya chai yakapita kati ya vidole.

"Huu si udongo kama ulivyozoea," aliniambia. "Hii ni mimea. Majani, mizizi, nyasi za miaka na miaka, zimekufa ndani ya maji zikashindwa kuoza sawasawa. Ukiuacha na maji yake unakaa. Ukiukausha unaoza upesi, unashuka, na ile hewa ya ukaa iliyokuwa imefungiwa humo inatoka yote inapanda juu. Mahali pa namna hii ni pachache visiwani, vipande vidogo vidogo. Ndiyo maana tunavitafuta kimoja kimoja."

"Na watu walime nini?"

"Vinavyopenda maji. Mpunga, magimbi, ukindu. Walivyokuwa wanalima."

Niliandika maneno yale kwenye daftari ingawa hayakuwa vipimo. Walivyokuwa wanalima.

Siku ya pili mstari wetu ukafika kwenye mtaro. Alisimama akautazama juu na chini.

"Nani alichimba huu?"

"Wanakijiji," nilisema. Haukuwa uongo, na nilijua kwamba ulikuwa uongo.

Alivuka, akazungusha fimbo kwenye konde la mama mkwe. Ilizama kina cha goti tu ikagota. Alipoitoa, ncha ilikuwa na majivu mekundu na chini yake vipande vya mkaa.

"Hapa udongo wenyewe uliungua," alisema.

"Kuna mtu alichoma nyasi."

"Nyasi zinachomwa kila bonde, kila mwaka. Moto ukifika kwenye tope unazimika. Huu haukukuta tope." Alifuta ncha kwa jani. "Si kiberiti, dada. Ni mtaro. Bila mtaro moto ule ungekufa siku ileile. Niandikie, kina cha goti, pameungua."

Niliandika, nikakosea, nikakata, nikaandika tena.

Jioni ile alinionyesha rangi za ramani yake. Palipo na maji bado pangekuwa kijani. Palipokauka lakini panaweza kurudishiwa maji pangekuwa buluu. Pasipofaa pangeachwa peupe. Konde la mama mkwe na la jirani alitaka kuyapa buluu, lakini buluu haiwekwi bila mwenye shamba kukubali mtaro ufukiwe, kwa sababu mtaro ukibaki ramani itakuwa inadanganya. "Wewe ndiye mwenyeji," aliniambia. "Waulize, unijibu kabla sijaondoka."

Kwa siku mbili nilipita mbele ya nyumba ya mama mkwe nikiwa na haraka ya uongo. Niliogopa mengi. Niliogopa uso wake, niliogopa mume wangu atasema nini, niliogopa watu watasema bibi shamba ndiye aliyeliua bonde halafu analipwa mshahara. Lakini zaidi niliogopa upole wake. Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, nikaenda.

Alikuwa kibarazani anasuka ukili wa mkeka, miguu kainyoosha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huyo mgeni wako hali chakula?"

Nikakaa mkekani. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuzunguka, ya kuanzia habari za ramani, na yote yakanitoka.

"Mama, ule moto wa bondeni," nilisema. "Ni mimi."

Mikono yake ikasimama. "Wewe vipi? Wewe ulikuwa ofisini."

Nikamweleza. Nilimweleza polepole kama mtu anayetoa mwiba mguuni: udongo ule ni mimea, ukikauka unashika moto kama makumbi, na ulikaushwa na mtaro, na mtaro nilisema mimi. Nikamwambia habari za fimbo, majivu mekundu, mkaa. Nikamwambia mtaalamu amesema wazi, nyasi zinachomwa kila mwaka na hakuna bonde linaloungua kwa ajili hiyo.

Nilikuwa natazama ukili mapajani mwake, nangoja.

"Kasema hivyo?" aliniuliza hatimaye. "Kwamba si kiberiti?"

"Kasema hivyo, mama. Kwa maneno hayohayo."

"Rudia."

Nikarudia. Akaweka ukili chini, akavuta upindo wa kanga akajifuta uso, tena na tena, mpaka nikaona kwamba analia.

"Miaka yote hii," alisema, "nilidhani nimeiua ardhi ya watu kwa kijiti kimoja cha kiberiti. Nilijiuliza siku ile kulikuwa na upepo gani, nilisimama wapi, kwa nini sikungoja. Kila Ramadhani nampelekea yule jirani sahani ya futari, na kila Ramadhani narudi naona haitoshi. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Wewe ungesema nakulaumu kwa mtaro wako."

Kumbe wakati mimi naogopa kimya chake, yeye alikuwa anakitumia kunikinga mimi na kujificha yeye. Nilimshika miguu kumwomba radhi. Akaiondoa.

"Usinishike miguu, nimekaa nayo kwenye majani, imejaa vumbi." Kisha akanitazama sawasawa. "Lakini ulikosea. Si mtaro tu. Ulikosea kuniacha."

"Nilikosea, mama."

"Haya."

Nikamuuliza lililokuwa likinikaa tangu siku ya mkutano, kama yeye alijua kwamba maji yale hayakutakiwa kutolewa.

"Nilijua maji yale tumeyakuta," alisema. "Mengine sikuyajua. Lakini ulikuwa mke wa mwanangu, umesimama mbele za watu na chaki yako, na hakuna aliyefungua mdomo. Ungerudi nyumbani kwangu na uso gani?"

Kabla ya magharibi tulikwenda kwa jirani, yeye mbele mimi nyuma. Alitukaribisha ukumbini, mkewe akaleta maji. Nilisema yote tena. Mara hii yalitoka kwa urahisi zaidi, lakini yeye hakurahisisha.

"Mimi nilijua ni mtaro," alisema. "Nilikuja ofisini kwako nikakwambia maji yangu yanakimbia. Ukanipa dawa ya kupuliza. Nikapuliza." Akamgeukia mama mkwe. "Na wewe ulipokuja kuomba radhi nikakasirika zaidi, maana nilijua si wewe, na nilijua huwezi kumtaja mkweo. Sasa ningekwambia nini?"

Mama mkwe akasema angeweza kumwambia hilohilo. Jirani akakiri angeweza. Wakatazamana kama watu waliofungua mlango mmoja kutoka pande mbili.

"Na hiyo ramani," akanigeukia, "ndiyo ya kutuhamisha?"

"Hapana. Inasema tu wapi pana udongo huo na wapi maji yanaweza kurudi."

"Usije kuniambia hayo wewe. Aje anayeichora mwenyewe."

Basi mtaalamu akaja, mbele ya mkutano wa kijiji. Alitandika karatasi yake juu ya meza mbili za shule akawaacha watu waizunguke. Swali lilikuwa lile moja, kila mtu na namna yake: mnapima ili mumpe nani? Alijibu kila aliyeuliza. Aliwaonyesha kwamba ramani haina jina la mtu wala mpaka wa konde, ina rangi tu, na kwamba mwenye konde akikataa, rangi inafutwa. Hawakumwamini mara moja. Walianza kumwamini pale mwanamke mmoja alipoweka kidole juu ya kijani na kusema pale si tope, pale mafuriko yalimwaga mchanga, na mtaalamu akakopa kalamu, akapafuta, akamshukuru. Baada ya hapo kila mtu alikuwa na la kusahihisha. Tulimaliza adhuhuri imekwisha kupita, karatasi imejaa alama za vidole.

Jirani alikubali buluu. Mama mkwe alikuwa amekubali tangu kibarazani.

Tuliufukia mtaro kabla ya vuli. Tulilaza magogo ya minazi iliyokufa mahali pawili, tukapanga viroba vya mchanga, tukashindilia udongo wa mfinyanzi. Mvua ya kwanza ilipasua kizuizi cha chini, na nilisimama nikitazama maji yakiondoka kama zamani. Jirani akasema kizuizi kimoja hupasuka, ndiyo maana tumeweka viwili. Tukakijenga upya, mara hii kwa kukita nguzo za mikoko mikavu iliyobaki kwenye boti mbovu alizokuwa akizitengenezea mashine mume wangu. Kikashika.

Masika maji yalipanda taratibu. Kila asubuhi nilipita kabla ya kwenda ofisini kutazama kijiti nilichokitia alama. Siku moja nilimkuta mama mkwe amesimama katikati ya konde lake, kanga kaipandisha, maji yanamfika kifundo cha mguu. Hakuwa anafanya kazi yoyote. Nilimsalimia kwa mbali nikamwacha.

Si yote yaliyorudi. Pale palipoungua sana ardhi ilishuka, sasa ni dimbwi. Hapalimiki, na kambare wamejaa humo wenyewe bila kuitwa. Mpunga wa mwaka wa kwanza ulikuwa haba, na kiboko mmoja aliupitia akaula upande mzima, tukabaki kuhesabu nyayo zake. Lakini magimbi yalishika. Ukindu ukingoni ulitoa majani mapya, na mama aliacha kununua. Siku hizi nyasi hatuchomi, tunafyeka na kuziacha zioze palepale. Jirani hajaacha kunitania kuhusu dawa ya ukungu, na hunitania mbele za watu, nami nimejifunza kucheka. Mume wangu nilipomweleza yote alishangaa jambo moja tu, kwamba wanawake wawili anaokula chakula chao kila siku walikuwa na siri moja na kila mmoja anadhani ni yake peke yake.

Ramani iliyokamilika ililetwa mwaka huu. Nimeibandika ofisini. Vipande vya kijani na buluu ni vidogo kweli, ukikitazama kisiwa kizima unaweza usivione.

Mtaalamu aliniachia fimbo moja ya kupimia. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa kijiji cha pili, amekasirika, anasema bustani yake inajaa maji kila mvua na amesikia siku hizi bibi shamba kakataza mitaro. Nikamwambia sikukataza, twende tukaone. Tulifika, nikazungusha fimbo mara nne sehemu nne. Kila mara ilipanda na mchanga, mchanga mtupu, mweupe kama wa pwani.

"Hapa chimba," nilimwambia. "Chimba hata leo."

Alinitazama kwa shaka, akafuata jembe lake ndani. Nikavua viatu nikamsaidia kupima mstari wa mtaro.